Aironi Mpya Kutoka Dukani: Uchambuzi Kabla Hujalipa

Haya, sogeeni karibu na skrini mwione hii soli, yaani sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo ya gofu. Hii ni aironi namba 7, fimbo ya kichwa cha chuma, mpya kabisa. Nimebandika utepe chini yake nikapiga mipira nikiwa nimesimama juu ya ubao mgumu. Mnaiona hiyo alama nyeusi? Imekaa huku kisiginoni peke yake, upande wa karibu na shafti, yaani mpini. Katikati utepe ni mzima, haujaguswa. Maana yake nikigonga, fimbo inatua kwa kisigino na ncha, ule upande wa mbali na shafti, inabaki hewani.

Kampuni sitaitaja, kwa sababu fimbo yenyewe haina ubaya. Mlio wake safi, kichwa kimetulia, mpira unapaa vizuri. Tatizo ni pembe ya lai: haikutengenezwa kwa swingi yangu, yaani ninavyozungusha fimbo kupiga mpira. Na nina hakika wengi wenu mnapambana na tatizo hilihili, mnadhani mikono yenu ndiyo mibovu.

Kwa mgeni wa mambo haya: laza soli ya fimbo chini, ikae sawasawa. Ile pembe kati ya shafti na ardhi ndiyo lai. Aironi namba 7 nyingi za leo ziko kwenye digrii 62 au 63. Fimbo ikiwa ndefu, lai inashuka. Ikiwa fupi, inasimama zaidi, kwa kawaida nusu digrii kila ukipanda namba moja, maana namba ikipanda fimbo inakuwa fupi.

Muuzaji atakwambia hii ni "standadi". Standadi ya nani? Kila kampuni ina yake. Sheria za R&A na USGA, wale wasimamizi wa sheria za gofu, hazisemi namba 7 iwe na digrii ngapi; zinachotaka ni shafti ilale angalau digrii 10 kutoka wima, na hilo linawahusu zaidi watengeneza pata, fimbo za kusukumia mpira shimoni. Tena kiwandani kuna kuteleza kidogo. Hii seti nimeipitisha kwenye mashine ya kupimia, na namba 7 na namba 8 zimesoma sawasawa, wakati namba 8 ilitakiwa kusimama zaidi. Si ajabu hata kidogo.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Uso wa aironi umelala kwa nyuma, ndiyo lofti hiyo. Ukiinua ncha, uso wote unageuka kutazama kushoto, kwa anayecheza kwa mkono wa kulia. Ncha ikizama, unatazama kulia. Na kadiri lofti inavyokuwa kubwa, ndivyo kosa linavyokuwa kali. Chukua namba 7 yenye lofti ya digrii 34: kila digrii 1 ya lai iliyopotea inageuza uso kama theluthi mbili za digrii. Kwenye mita 150, shabaha imehama karibu mita 1.8. Ukikosea lai kwa digrii 3, hizo ni mita 5 na ushee, umeshatoka kwenye bendera umeingia kwenye mchanga. Weji, fimbo fupi ya mipira ya karibu, yenye lofti ya digrii 46 inageuka digrii nzima kwa kila digrii ya lai. Namba 4 hata nusu haifiki.

Kwa hiyo kama aironi zako ndefu zinakwenda sawa halafu weji zinakukimbilia kushoto siku zote, usianze kuibomoa swingi. Pima lai kwanza. Maana mtu akikaa na fimbo isiyomfaa, mikono inajifunza kuukoa mpira bila yeye kujua, na siku akipata fimbo sahihi anaona kama ndiyo mbovu.

Kupimwa kwenyewe sasa. Kuna kipimo cha kusimama: urefu wako, na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Ping, kampuni ya fimbo za gofu, wana mfumo wao wa nukta za rangi kichwani mwa fimbo: nyeusi ni ya kawaida yao, nyekundu imelala zaidi, buluu imesimama zaidi. Ni mwanzo mzuri, ila mimi siishii hapo. Ukiwa kwenye mwendo, mikono inapanda na shafti inapinda ncha ikishuka. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana digrii kadhaa. Mimi mikono yangu hukaa chini ninapogonga, ndiyo maana hii fimbo iliyosimama inanila kisigino.

Kipimo ninachokiamini ni cha kalamu. Chora mstari mnene kwenye mpira, uweke umesimama wima upande unaotazama uso wa fimbo. Piga. Mstari utajichapa usoni. Laza soli chini uangalie: ukiwa wima, lai iko sawa. Juu yake ukiinamia kwenye ncha, kama huu wangu, mnauona? Fimbo imesimama mno. Ukiinamia kisiginoni, imelala mno. Ubao na utepe vinaweza kukudanganya ukichota chini kabla ya mpira. Mstari unasoma pale fimbo ilipokutana na mpira.

Jambo la urefu, kwa haraka: ukiongezewa nusu inchi ya shafti, ni kama umesimamishiwa lai kwa digrii 1. Anayekurefushia fimbo bila kugusa lai amefanya nusu ya kazi. Mcheza gofu wa Marekani Bryson DeChambeau alilikwepa hilo kwa kuzifanya aironi zake zote inchi 37.5, lai moja. Ni njia yake, mimi sijashawishika.

Turudi kwenye seti hii. Ni ya chuma laini kilichofuliwa, kwa hiyo fundi ataibana kwenye mashine na kuikunja shingoni bila shida. Zile za chuma kigumu kilichomiminwa kwenye kalibu ni kesi nyingine: wengi hawapendi kuvuka digrii 2, na ukilazimisha shingo inaweza kuvunjika. Ila chuma laini kina deni lake pia, kinahama kwa kupigwa chini kila siku, kwa hiyo ipime angalau mara moja kwa mwaka.

Hukumu yangu: inunue, kwa sharti moja. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji kama kukunja lai kumo kwenye bei, na kama utapiga mipira yenye mstari ukiwa palepale. Akikuonyesha chati ya urefu peke yake, rudisha fimbo kwenye rafu.