Mrejesho: Jumamosi nzima na wale wanaojitolea kwenye kumbukumbu ya Holokosti, Iringa mjini

Wakuu kamwene. Niliahidi kuleta mrejesho wa ile semina niliyoenda Iringa, naandika leo kabla haijapoa mana nimekaa nayo kichwani wiki nzima. Kwa ambao hamjui, kuna kikundi cha watu wanaojitolea, hawana ofisi hawana mshahara, kazi yao ni kufundisha habari za Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, chama cha Hitler, wakati wa vita ya pili ya dunia, na kutokea hapo wanaingia kwenye swala la watu kupatana baada ya damu kumwagika. Jina lao siliweki kwasababu usajili bado unashughulikiwa na wenyewe waliniomba hivyo. Viongozi wako wanne: mwalimu mstaafu wa historia, mama mmoja muuguzi, ustadhi, na binti wa chuo ambaye ndiye anashika daftari na simu.

Nilipanda Coaster alfajiri Mafinga, baridi ile ya mwezi wa saba mnaijua, nikafika nikakuta ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, watu kama arobaini hivi. Kiingilio hakuna. Chai na viazi vitamu ni kwa mchango, kikapu kiko mlangoni na binti anaandika kila shilingi inayoingia, na mwisho wa siku alisimama akasoma hesabu mbele ya watu wote, kodi ya ukumbi kiasi gani, fotokopi kiasi gani, kilichobaki kiasi gani. Mimi nimeshahudhuria semina nyingi za asasi hapa kwetu, zile za bango kubwa na picha za pamoja na posho, hesabu kusomwa hadharani sijawahi kuona. Hilo peke yake lilinifanya nitulie nisikilize.

Nilitegemea mwalimu angeanza na Hitler. Hakuanza na Hitler. Aliandika ubaoni jina: Mahjub bin Adam Mohamed. Akauliza nani anamjua, kimya. Akasema huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari wa jeshi la Mjerumani, na vita ya kwanza ilipoanza 1914 yeye mwenyewe akaingia jeshini akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 akaenda Berlin, na alichokuwa anadai ni mshahara wake na wa baba yake ambao Mjerumani hakuwahi kuwalipa. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya uweita, akaigiza kwenye sinema, akafundisha Kiswahili chuoni, kule wakimwita Mohamed Husen. Akaoa, akapata watoto. 1941 Wanazi wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, hakuna kesi hakuna hukumu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen karibu na Berlin na huko ndiko alikofia tarehe 24 Novemba 1944.

Jamani ukumbi ulibadilika. Mtu aliyekuwa anafundisha lugha hii hii ninayoandika hapa. Mwalimu hakukimbilia kuendelea, alikaa kimya muda, ndo akaanza kueleza sasa hiyo kambi ilitokana na nini, sheria za Nuremberg za 1935 zilizowavua Wayahudi uraia, usiku ule wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa na maduka kuvunjwa, mpaka kikao cha Wannsee Januari 1942 ambapo wakubwa walikaa mezani kupanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya nzima. Na alisisitiza jambo moja nililipenda, kwamba mpango ule wa kufutwa wote mpaka mtoto mchanga uliwalenga Wayahudi, kwahiyo ya Mahjub ni mlango wa kuingilia tu, tusije tukakaa mlangoni tukasahau wenye nyumba.

Alafu mama muuguzi akatoa kwenye mkoba kiboksi cha mbao alichochongesha kwa fundi, sentimita 10 kila upande, juu kapigilia bati la rangi ya shaba. Akaeleza kwamba kuna msanii wa Kijerumani anaitwa Gunter Demnig, anachimbia mawe ya saizi hiyo kwenye barabara za Ulaya mbele ya nyumba walizokuwa wanakaa watu waliouawa, kila jiwe mtu mmoja, jina, mwaka aliozaliwa, alikufa wapi, na mengi yanaanza na maneno yenye maana ya hapa aliishi fulani. Yameshapita 100,000. La Mahjub liko Berlin, liliwekwa 2007. Kile kiboksi kikazungushwa mkono kwa mkono. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, sidhani kama alitia neno tangu asubuhi, alikipokea akakiweka mapajani juu ya kanga, akapitisha kidole kwenye zile herufi taratibu kama anayetafuta kitu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na huyu mama yake alipewa taarifa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia bibi sijui. Akakishikilia muda mrefu kabla hajampa wa mbele.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike mrejesho huu. Kijana mmoja alinyosha mkono, akasema shikamoo mwalimu, mimi ni wa hapa hapa Kalenga, Wajerumani hao hao walikata kichwa cha Mkwawa, chifu wetu Wahehe, wakaondoka nacho, huko Songea wakanyonga watu kama mbuzi, nani Ulaya amekaa kwenye viti vya plastiki kutulilia sisi? Watu wengine wakaguna kumkubali, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilikuja na swali hilo hilo moyoni. Nimeona viongozi wengi swali kama hili linawakera, wanasema tutalijibu baadaye alafu hiyo baadaye haifiki. Hapa ustadhi alisimama akamwambia karibu mbele mwanangu ukae, kisha akauliza ukumbi kichwa cha Mtwa Mkwawa kilirudi lini. Wakajibu 1954. Alikufa lini? 1898. Kwahiyo kilikaa ugenini miaka mingapi? Hamsini na sita. Na wazee walikuwa wanakidai cha nini, mfupa? Mzee mmoja nyuma akasema, ni mtu wetu. Ustadhi akasema basi, na wale wanadai watu wao, na wewe unayejua uchungu wa kudai ndiye ninayekutaka kwenye kazi hii kuliko mwingine yeyote.

Haikuishia hapo. Mama muuguzi akakumbusha kwamba Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea kwenye makumbusho ya Majimaji, ile vita ya kumpinga mkoloni Mjerumani, akaomba msamaha, akakutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa 1906, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa chake. Yule mzee wa nyuma akasema kuahidi sio kuleta, mimi nitapatana kitakapofika. Na viongozi hawakumlazimisha akubali. Waliandika neno lake ubaoni vile vile kama alivyolisema, likabaki pale mpaka jioni. Kwangu huo ndio uongozi, mtu anajitolea, hajalipwa chochote, na bado ana kifua cha kumwacha mtu asikubaliane naye.

Binti wa chuo naye alitupa kisa cha Lothar Kreyssig, hakimu Mjerumani aliyepinga Wanazi walipokuwa wanaua wagonjwa wa akili, wakamwondoa kwenye kiti, na baada ya vita mwaka 1958 akaanzisha shirika la vijana wa Kijerumani kwenda kujitolea kwenye nchi zilizoumizwa na nchi yao, wakijenga kwa mikono. Alieleza vizuri ila alipewa dakika kumi tu, angeongezewa.

Mapungufu yapo na nayasema kwasababu nawapenda. Tulianza saa nzima na zaidi nyuma ya muda, projekta ilikuwa inakataa. Vikaratasi vya kusoma vyote ni Kiingereza, bibi yangu yule alikunja cha kwake akaweka kwenye mkoba bila kukifungua. Na kubwa zaidi, picha za maiti za kambini zilitokea ukutani ghafla wakati kuna watoto wawili wamekaa mbele. Mama muuguzi alisimama papo hapo akazima, akawatoa watoto kwenda kunywa chai, akarudi akaomba radhi bila kutafuta kisingizio, akasema hata hao waliokufa wasingependa kuonekana hivyo. Nilimheshimu, lakini ilitakiwa isitokee. Pia mwalimu anabeba mzigo mkubwa mno, siku akiugua sijui nani atasimama, wamwandae mtu.

Ila mwalimu ana kitu adimu, hapindishi historia ili ivutie. Mtu mmoja alisema kwa kujiamini kwamba wale wazungu waliowekwa Ifunda na Kidugala wakati wa vita walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler. Ingekuwa rahisi kumwitikia, ingenogesha mada na Ifunda iko hapo njiani tu. Mwalimu akamsahihisha kwa upole, akasema wale walikuwa Wapoland, wengi Wakatoliki, waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia na baadae wakafikia huku kwa kupitia Iran, nao wana msiba wao, tusiuazime kuufanya wa mwingine.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja ni ya picha na vikaratasi. Mkienda mtoto chini ya miaka 14 msimchukue, na bebeni sweta mana ukumbi una baridi. Nimejiandikisha kutafsiri vile vikaratasi kwa Kiswahili, nimeanza na ukurasa wa Mahjub ili bibi akija tena akute wa kusomewa. Kama kuna anayeandika Kihehe au Kibena kwa ufasaha anifuate inbox, kazi ni ya kujitolea na hela hakuna, chai ipo.