Epoksi ya chupa mbili kwa vyambo vya mti: nilivyoiona hapa Mtwara

Wakuu, kwa wale tunaochonga wenyewe vyambo vya mti, yani visamaki bandia vya kuburuta nyuma ya chombo, nataka niizungumzie hii epoksi ya chupa mbili, ile wanayomwagia meza za mbao zikawa zinang'aa kama kioo. Siku hizi inapatikana mpaka hapa Mtwara mjini kwenye maduka ya rangi. Nimeburuta nayo Mikindani, Msimbati na ng'ambo ya Msangamkuu, na mimi nasema wazi kwa mti unaokwenda kulala kwenye maji chumvi sijaona vanishi ya kopo inayoifikia. Ila inataka mtu mtulivu, ukiwa na haraka utaichukia bure.

Vanishi ni ya mlango na dirisha. Kwenye chambo ngozi yake inakuwa nyembamba mno, nguru akigonga mara moja meno yanapita mpaka kwenye mti, maji yakishaingia mti unavimba, ukianika unanywea, ukirudi baharini unavimba tena, basi rangi inaanza kupasuka na kubanduka vipande vipande. Na chambo kilichokunywa maji hakichezi tena, kinakuja kimelala upande tu, hata kolekole mwenye njaa anakipisha. Epoksi inakaa nene na ngumu, meno yanaacha mikwaruzo juu juu, ukipiga msasa laini na kupaka tena inarudi.

Sasa jambo ambalo wengi wanalipita: maji hayaingii mgongoni, yanaingia kwenye matundu ya zile pete zinazoshika ndoana na kwenye ncha mbili za mti, mdomoni na mkiani, pale nyuzi za mti zilipokatwa. Kwa hiyo mkono wa kwanza wa epoksi mi nautia kabla ya rangi, mwembamba, na kwenye matundu nachovya kijiti cha kiberiti nazungusha ndani mpaka kuta zilowe. Pete naifunga ikiwa na tone la epoksi kwenye nyuzi zake za skrubu. Mwembe na msonobari zinakunywa sana hapo nchani, unaona kabisa panavyofifia, ongeza mpaka pabaki panang'aa. Baada ya hapo ndo msasa, rangi ya kupuliza, iache ikauke kweli kweli, halafu mikono miwili ya juu.

Kuhusu mapovu, watu wanailaumu epoksi wakati mengi ni hewa ya kwenye mti. Ukipaka asubuhi kivulini halafu jua likakifikia chambo, mti unapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kupitia kwenye epoksi mbichi, unapata vitundu. Paka wakati mti unapoa, yani alasiri kuelekea jioni, hapo hewa inanywea na mti unavuta epoksi ndani. Yale mapovu ya kukoroga yanatoka kwa kupitisha moto wa kiberiti cha gesi haraka haraka kwa mbali, usiuache usimame sehemu moja.

Kipimo ndo roho ya hii kitu. Soma kopo, nyingine ni nusu kwa nusu, nyingine sehemu mbili kwa moja ya hadina (ile chupa ya pili inayoigandisha), tumia mabomba ya sindano ya famasi, moja kwa kila chupa na usiyachanganye. Kuna watu wanaongeza hadina wakidhani itakauka mapema, hapana, itabaki inanata. Koroga taratibu huku unakwangua kuta za kikombe, na usichanganye nyingi kwa wakati mmoja maana ikikaa kwenye kikombe inajipandisha joto yenyewe mpaka inafuka moshi, ni hatari. Vaa glovu na kaa penye hewa.

Halafu ili isichuruzike, chambo lazima kizunguke mpaka epoksi igande. Mi natumia ile mota ndogo inayozungusha sahani kwenye maikrowevu, mafundi wa redio wanazitoa kwenye mashine zilizokufa, inakwenda polepole kabisa na ndo inavyotakiwa. Umeme ukikatika geuza kwa mkono. Kesho yake unaweza kushika, ila baharini mpe siku kadhaa, ugumu wa mwisho unachelewa.

Ubaya wake upo. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, hewa yetu ina maji mengi na juu ya epoksi panatoka utando wa mafuta mafuta, saa nyingine weupe. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, piga msasa ndo upake mkono mwingine, ukipaka juu ya huo utando hazishikani. Jua nalo linaigeuza kuwa ya njano, kwa hiyo vyambo vyeupe visikae juani kwenye ngalawa siku nzima. Na ile epoksi inayoganda kwa dakika tano, ya kuunganishia viatu na ndoo, achana nayo kwa kazi hii, inageuka njano mapema na maji haiyawezi vizuri.

Wako wanaouliza kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, kwa vile huku yapo na viwandani yanatengenezewa rangi na vanishi. Yakiwa mabichi yanaunguza ngozi vibaya sana, msiyajaribu nyumbani.

Bei iko juu kuliko kopo la vanishi, lakini chambo kimoja kinakula kidogo mno, ukichangiana na wenzako wawili watatu mnafanya vingi. Malalamiko yangu makubwa ni kwa wauzaji: kuna duka moja maboksi yanashinda barazani juani na maelezo yote ni ya Kichina. Leteni chupa ndogo, ziwekeni kivulini, na mtu aandike kipimo kwa Kiswahili pale kwenye boksi, tutanunua.