Kranberi za sosi yenye sukari kidogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mfuko mmoja wa kranberi mbichi, yale matunda madogo mekundu na makali ya kupikia sosi ya sikukuu, kama unavyouzwa Marekani na Kanada, una gramu 340. Sukari ya asili iliyomo humo ni gramu 14 hivi tu, ndiyo maana ukitafuna moja uso wote unajikunja. Mapishi ya kawaida, yale yale yanayochapishwa nyuma ya mfuko, yanataka kikombe kizima cha sukari na kikombe cha maji. Kikombe hicho cha sukari ni gramu 200. Sosi inayopatikana inatosha watu tisa hivi wakipakua robo kikombe kila mmoja, kwa hiyo kila mtu amekula gramu 22 za sukari ya kuongezwa kabla hajagusa soda wala pai ya maboga. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima.

Kwa familia zetu zilizoko Minneapolis, Columbus au Toronto, sosi hii huingia mezani mara moja au mbili kwa mwaka: Thanksgiving, yaani sikukuu ya shukrani, ya Kanada Jumatatu ya pili ya Oktoba, ya Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba, halafu Krismasi. Siku moja haimuui mtu. Lakini mezani petu hakukosi mjomba au bibi mwenye kisukari, naye anataka kuonja kama wengine. Habari njema ni kwamba nusu ya sukari ile inaweza kuondoka bila mtu kuuliza imekwenda wapi, ila uamuzi unafanyika dukani. Ukishafika nyumbani na kopo la sosi iliyokwisha kutiwa sukari, mambo yamekwisha.

Kranberi za dukani huja kwa sura tano, nami nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Kranberi mbichi za mfuko

Hizi ndizo za kwanza, na sioni ushindani. Hazina kitu kilichoongezwa, kwa hiyo kila gramu ya sukari itakayoingia umeiweka wewe. Msimu wa kuvuna huanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, na madukani hukaa mpaka Desemba. Nyingi za Marekani zinatoka Wisconsin, jimbo linalotoa zaidi ya nusu ya mavuno ya nchi, likifuatwa na Massachusetts. Za Kanada ni za Quebec na British Columbia.

Pengine umeona picha za wakulima wamesimama katika ziwa jekundu, maji yamewafika mapajani na matunda yanaelea pande zote. Yanaelea kwa sababu ndani ya kila tunda mna vyumba vinne vya hewa. Lakini kranberi za picha ile kwa kawaida hazifiki kwenye mfuko wako. Zinazovunwa kwa maji huenda kiwandani kwa juisi, sosi na kukaushwa. Zinazouzwa mbichi huvunwa shamba likiwa kavu, maana tunda lililolowa halikai muda mrefu.

Dukani geuza mfuko uangalie chini. Ukiona majimaji au matunda yameshikana, uache. Tunda zuri ni gumu, linang'aa, na likianguka mezani linadunda. Chagua mfuko wenye wekundu uliokolea, kwa kuwa weupe unamaanisha tunda halijaiva sawasawa, na hilo litakudai sukari zaidi. Vijeupe viwili vitatu si tatizo. Mfuko wenye robo nzima nyeupe urudishe.

Hapa pana siri ya bei. Baada ya Thanksgiving maduka mengi huziteremsha ili zimalizike. Nunua mifuko kadhaa wakati huo, itupe kwenye friza ilivyo bila kuosha, na unayo akiba ya karibu mwaka mzima.

2. Zilizogandishwa

Kwa sosi ya kupika hazina tofauti na mbichi. Usisubiri ziyeyuke, zimimine sufuriani zikiwa mawe, ongeza dakika mbili tatu. Nimeziweka ya pili kwa sababu ya relishi, ile inayosagwa bila kupikwa: barafu imekwisha kupasua ngozi zake, zinatoa maji na relishi inalegea. Ukizitumia kwa relishi, zisage zikiwa bado na barafu kisha uchuje kidogo.

Binya mfuko kabla ya kulipa. Zikigongana moja moja kama gololi, sawa. Zikiwa bonge moja, ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena. Soma pia lebo, kwa sababu baadhi ya mifuko ya matunda mchanganyiko imetiwa sukari. Neno pekee unalotaka kuliona kwenye orodha ya viambato ni kranberi.

3. Juisi tupu isiyotiwa sukari

Haiwezi kuwa sosi peke yake, ila inafaa kuchukua nafasi ya sehemu ya maji unapotaka ladha nzito. Angalia usichanganye chupa. Ile iliyoandikwa "cocktail" ina juisi kidogo ya kranberi na sukari nyingi, gramu 25 au zaidi kwa glasi moja. Ile inayojisifu kuwa juisi asilimia 100 mara nyingi imejazwa juisi ya tufaha na zabibu. Unayoitaka ni chungu kweli kweli, bei yake ni kubwa, na wengi hawana haja nayo.

4. Zilizokaushwa

Kranberi haikaushwi hivi hivi, ingekuwa haiuziki. Hulowekwa kwenye shira kwanza. Robo kikombe, gramu 40, ina sukari karibu gramu 29, na nyingi ni ya kuongezwa. Zipo zilizotiwa juisi ya tufaha badala ya sukari, na watu huzilipia zaidi wakidhani wameokoka. Kwenye damu hesabu ni ile ile. Kijiko kimoja kwenye relishi ili meno yapate kitu cha kutafuna, hewala. Mfuko mzima kama msingi wa sosi, hapana.

5. Kopo

Marcus Urann, mwanasheria wa Massachusetts aliyegeukia kilimo, alianza kutia sosi ya kranberi kwenye makopo mwaka 1912. Msimu ulikuwa mfupi, na matunda yaliyopondeka hayakuwa na soko. Mwaka 1930 alishiriki kuanzisha ushirika wa wakulima wa Ocean Spray, na ile jeli inayotoka na umbo la kopo, mistari yake yote, ilienea nchi nzima mwaka 1941. Wamarekani wengi wanaipenda kwa mapenzi ya utotoni, na mgeni asibishane nao.

Kwa habari ya sukari, kopo lina gramu 20 na kitu kwa robo kikombe. Si mbaya kuliko sosi ya nyumbani iliyopikwa kwa kikombe kizima! Kasoro yake ni kwamba huwezi kuipunguza. Kama ni lazima, nunua lenye matunda mazima, lichanganye na mfuko wa kranberi ulizochemsha mwenyewe bila sukari, na umekata utamu karibu nusu.

Na kitu cha kutia utamu?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu rafu ya sukari mbadala imejaa ahadi.

Kwa mtu asiye na kisukari, ushauri wangu ni sukari ya kawaida, ila gramu 100 badala ya 200. Kila mmoja wa wale tisa anapata gramu 11 hivi. Sukari inafanya kazi ya pili pia, inasaidia pektini ya tunda, ile inayoifanya sosi iwe nzito, kushika. Kranberi ina pektini nyingi kwa asili, kwa hiyo hata kwa nusu ya sukari sosi itashika, ila laini kidogo. Iache motoni dakika tatu nne zaidi, uiponde na mwiko, na usiihukumu ikiwa moto, maana huganda inapopoa.

Kwa mwenye kisukari naweka mbele alulosi, mojawapo ya hizo sukari mbadala. Ina utamu kama asilimia 70 ya sukari, haiachi chenga, na tangu 2019 mamlaka ya chakula ya Marekani inaruhusu isihesabiwe kwenye mstari wa sukari ya kuongezwa. Ukizidisha, tumbo litalalamika. Inayofuata ni mchanganyiko wa Monk Fruit, kitamu kinachotokana na tunda, na erithritoli, sukari mbadala ya chembe chembe. Utamu ni mzuri sosi ikiwa moto, lakini ikilala kwenye friji erithritoli hurudi kuwa chembe chembe, na mdomoni unahisi ubaridi usioeleweka. Kwa relishi ndiyo mbaya zaidi. Stevia tupu inaacha uchungu, na kranberi tayari ina uchungu wake. Aspatemu hupoteza utamu ikichemka, kwa hiyo usiipike. Zailitoli ni tamu vizuri, lakini ni sumu kwa mbwa, na chini ya meza ya sikukuu mbwa hula kila kinachodondoka. Kwenye nyumba yenye mbwa isiingie kabisa.

Asali na shira ya mti wa mepo (maple) ninaziweka nyuma kuliko watu wanavyotarajia. Kijiko kikubwa cha asali kina sukari gramu 17 hivi, cha sukari yenyewe ni 12 au 13. Asali ni nzito kwenye kijiko. Kama unaipenda ladha yake, tia, lakini usiseme umepunguza.

Tende nazo, ambazo sisi hatuzikosi kabatini, zinastahili ukweli. Medjool moja kubwa ina sukari gramu 16 hivi. Sita zinakufikisha karibu gramu 100, pale pale ulipokuwa na sukari ya kawaida. Faida ni nyuzinyuzi zake, na ule unene unaoipa sosi mwili bila kutegemea pektini. Nne, zilizolowekwa maji ya moto na kusagwa, zinatosha mfuko mmoja. Kwenye relishi zikatwe vipande vidogo, wala sijaonja kitu kinachozishinda humo.

Vitu vidogo vya kuongeza kwenye kapu

Peasi moja iliyoiva sana, ikwaruze uimimine sufuriani. Kwa peasi hiyo sukari inashuka mpaka gramu 70, yaani 8 hivi kwa mtu. Chungwa moja, lakini kwa ajili ya ganda. Juisi ya chungwa nusu kikombe ina sukari gramu 10 hivi, wakati ganda lililokwaruzwa linatoa harufu yote bila gharama hiyo. Kwa relishi isiyopikwa nunua klementini mbili, aina ya machenza madogo, badala ya chungwa kubwa, kwa kuwa ganda lao ni jembamba na ule weupe mchungu ni kidogo. Zisage na ngozi yake, pamoja na tufaha tamu kama Fuji au Gala, kranberi mbichi na gramu 50 za sukari. Bonyeza mashine mara chache tu, unataka chenga kama za kachumbari, si uji. Ilale usiku kucha. Siku hiyo hiyo ni kali mno.

Mdalasini na iliki huufanya ulimi udhani kuna utamu zaidi. Karafuu pia, na Wamarekani wenyewe huitia tangu zamani, lakini mbili tu, la sivyo utasikia harufu ya kwa daktari wa meno.

Bikaboneti ya soda, ile ya kupikia keki, robo kijiko cha chai kwa mfuko mmoja. Inapunguza tindikali, na tindikali ikipungua hitaji la sukari linapungua nayo. Itatoa povu, kwa hiyo tumia sufuria yenye kina, na rangi itaelekea zambarau kidogo. Ukizidisha hapo ladha inakuwa ya sabuni. Punje ya chumvi nayo isikosekane.

Sufuria iwe ya chuma cha pua. Zile za aluminiamu tulizozizoea hazipatani na tindikali ya tunda hili, na sosi inatoka na ladha ya chuma. Chemsha kranberi na maji kwanza mpaka zipasuke, dakika kumi hivi, ndipo utie sukari. Onja ikishapoa, kwa sababu baridi huficha utamu na hapo ndipo utajua kama kijiko kimoja zaidi kinahitajika.

Sosi yenye sukari kidogo haikai sana. Hesabu wiki moja kwenye friji, inayobaki igandishe. Na mgeni anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda aulize daktari wake kabla ya kuila kwa wingi, iwe na sukari au isiwe nayo.