Jina la Ukoo Walilonidai: Uzoefu Wangu wa Kumtafuta Mjomba Uingereza

Swali lililoniudhi liliandikwa kwa adabu ya kiofisi, na pengine ndiyo maana likachoma zaidi. Mhudumu wa tovuti ile ya kulipia, inayojigamba kwamba humpata mtu yeyote popote duniani kwa kupekua kumbukumbu za umma, aliniuliza hivi: ikiwa huyu kweli ni kaka wa mama yako, mbona ninyi watatu mna majina matatu ya ukoo yaliyo tofauti, na tutajuaje kwamba ni ndugu?

Nilikuwa nimeshalipa. Mama yangu, ambaye yuko Tanga na macho yake hayaoni vizuri tena, alikuwa anangoja habari za kaka yake aliyeondoka na meli katika miaka ya sabini, akaandika barua mbili tatu kutoka Cardiff, mji wa bandari huko Wales, Uingereza, kisha akanyamaza. Hatukuwa tunamtafuta kwa mapenzi peke yake. Babu aliacha shamba la minazi ambalo mirathi yake haijagawanywa mpaka leo, na katika mirathi ya Kiislamu fungu la mtoto wa kiume ni maradufu ya la dada yake. Kama mjomba alifariki kabla ya babu, hana fungu, na kama alifariki baada yake, fungu lile ni la warithi wake, hata wawe huko kwenye baridi. Kwa hiyo tulihitaji kumjua mtu na tarehe, wala si kukisia.

Nikamweleza mhudumu yule kwa urefu kwamba kwetu mtu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Mama huishia kwenye jina la baba yake, Saidi. Mjomba alipoondoka aliishia kwenye la babu yake, Athumani. Mimi naishia kwa babu mzaa baba, ambaye hahusiani kabisa na shamba hilo. Jibu lililokuja lilikuwa sentensi moja: tafadhali jaza jina sahihi la ukoo. Nakiri kwamba tangu hapo sikuwa tena mteja mwenye haki. Kila walichokifanya nilikiona kibaya, hata rangi ya tovuti yao.

Ripoti yenyewe ilikuwa na watu kumi na wanne, wote wa Marekani, mmoja wao kijana wa kunitosha kuwa mwanangu. Mtu niliyemtafuta aliishi Wales. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu mojawapo inayozifanya kampuni kama hizi zipapase gizani kwa watu wa Uingereza: daftari la wapiga kura la huko lina matoleo mawili tangu 2002, moja la wazi linalouzwa kwa yeyote, ambalo mtu anaweza kuomba jina lake liondolewe, na jingine kamili ambalo haliuzwi hivyo, bali husomwa ofisini chini ya usimamizi, na msomaji huruhusiwa kunakili kwa mkono tu.

Hilo daftari kamili ndilo lililonipa matumaini, kwa sababu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura huko hata asipochukua uraia, kwa hiyo Mtanzania aliyekaa miongo mitatu angeweza kabisa kuwemo. Kijana wa jirani yetu anayesoma Cardiff alikubali kwenda. Akakuta kwamba daftari limepangwa kwa mitaa na nyumba, wala si kwa majina, na bila ile bahasha kuukuu ya mama iliyotaja mtaa mmoja wa Butetown, karibu na bandari, angekuwa bado anafunua kurasa. Katika daftari la sasa hakumwona Athumani yeyote. Akahamia madaftari ya zamani, yale yaliyopita miaka kumi, ambayo masharti yake ni mepesi. Hamna.

Hapa naomba radhi, kwa kuwa lazima niseme jambo linalonikera kulisema. Ukurasa wa mwisho wa ripoti ile, ambao niliuruka kwa hasira, ulikuwa na orodha ya tahajia zilizozalishwa na mashine: Said, Sayed, Seyed, Syed. Nilipomtumia kijana picha ya ukurasa huo alirudi ofisini siku iliyofuata, na katika nyumba ileile iliyoandikwa kwenye bahasha akamkuta mtu mwenye jina la kwanza la mjomba, na la pili Syed. Babu yake alikuwa ameachwa mahali fulani baharini, na baba yake amebadilishwa herufi. Jioni hiyo niliwaongezea nyota mbili katika tathmini yangu ya tovuti yao. Asubuhi nikazipunguza, kwa sababu orodha kama ile hata mwanafunzi wa madrasa angeniandikia bure.

Kutoka hapo kazi ilikwenda upesi mno kiasi cha kunitia uchungu. Vifo vya England na Wales husajiliwa tangu Julai 1837, faharasa yake hupekuliwa kwa jina, na mtu yeyote, awe ndugu au asiwe, anaweza kuagiza nakala ya cheti kwa pauni kumi na kidogo, akaletewa kwa posta hata sanduku la Tanga. Hakuna aliyeniuliza jina la ukoo wangu. Cheti kilipofika kilisema mahali alipozaliwa ni Tanga, na kazi yake baharia mstaafu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa 1 Januari, tarehe ambayo makarani huwapa watu wasio na cheti. Alifariki miaka kadhaa baada ya babu.

Cheti cha huko huandika pia nani aliyetoa taarifa ya kifo, ana uhusiano gani na marehemu, na anaishi wapi. Aliyetoa taarifa alikuwa binti yake. Nilimsomea mama mstari huo mara tatu, naye hakulia kwa ajili ya kaka yake mpaka alipokwisha kuuliza binti huyo ameitwa nani. Ameitwa jina la nyanya yake, mama wa mama yangu, jina zima, bila herufi kubadilika.

Tulimwandikia. Alijibu kwa Kiingereza, na neno moja tu la Kiswahili, shangazi, ameliandika vibaya.

Kuhusu tovuti ile, nilikusudia kuipa nyota mbili kwa ajili ya ule ukurasa wa mwisho, nami si mtu wa kudhulumu. Lakini bado wananikata fedha kila mwezi, na nikijaribu kujiondoa, kisanduku chekundu hunitokea na kukataa kuendelea mpaka nijaze jina la ukoo la mama yangu mzazi, lifanane na walilonalo wao. Nimejaribu Saidi. Nimejaribu Athumani. Jana nimejaribu Syed. Nyota moja.