Antivairasi ya Bure au ya Kulipia: Ipi Inafaa Kompyuta ya Nyumbani?

Anayenunua kompyuta mpakato Kariakoo, iwe mpya au iliyotumika ng'ambo, huulizwa na muuzaji kabla hajamalizia malipo: "Na antivairasi nikuwekee?" Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na kompyuta za ndugu na majirani, ni kwamba amwombe kwanza muuzaji amwoneshe kama Windows iliyomo ni halali na inapokea masasisho, kwa kuwa jambo hilo lina uzito kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye boksi la antivairasi.

Nafasi ya kwanza naipa Microsoft Defender, antivairasi ambayo imo tayari ndani ya Windows 10 na Windows 11 bila malipo ya ziada. Kuna wakati ilidharauliwa, tena kwa haki, lakini kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikifanya vizuri katika majaribio ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, ambazo kazi yao ni kupima programu za aina hii. Hukagua kila faili linapofunguliwa, haina matangazo, na haiishi muda. Udhaifu wake mkubwa hapa jijini tunausababisha sisi wenyewe. Wengine huzuia masasisho miezi mizima ili bando lisiishe. Wengine huwekewa Windows iliyokrakiwa, na fundi huizima Defender ili isikifute kile kiprogramu kilichotumika kukwepa leseni, kisha haiwashi tena. Mwenye kompyuta huondoka akiamini amelindwa.

Wenye Windows 10 wazingatie pia kwamba Microsoft ilikoma kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza waliongezewa mwaka mmoja tu. Antivairasi, hata ya bei ghali, haizibi tundu lililo ndani ya Windows yenyewe. Programu hasidi ya WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu duniani kote Mei 2017 na kudai fidia, ilipenya kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Nafasi ya pili ni antivairasi ya kulipia, kama vile Bitdefender, ESET au Norton, lakini si kwa kila nyumba. Katika kampuni nyingi, uwezo wa kutambua virusi ni uleule kwenye toleo la bure na la kulipia; fedha yako inanunua nyongeza, kama udhibiti wa matumizi ya watoto, hifadhi ya nywila, VPN (huduma ya kuficha mawasiliano yako ya mtandaoni), ulinzi wa simu, na mtu wa kumuuliza unapokwama. Familia yenye kompyuta tatu na simu tano, au mtu anayeendeshea hesabu za duka lake kwenye kompyuta ya nyumbani, anaweza kuona thamani yake. Kabla ya kulipa, angalia leseni inaruhusu vifaa vingapi na kama namba yake haijatumika. Ukinunua mtandaoni kwa kadi, zima malipo ya kujirudia mapema, kwa maana bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia na ya mwaka wa pili hupanda sana. Kaspersky ni suala la pekee: Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2024 kwa hoja za usalama wa taifa, kampuni ikapinga hoja hizo, na mnunuzi wa hapa itabidi apime mwenyewe.

Ya tatu ni antivairasi za bure za kampuni nyingine. Hizi siziwekei mtu siku hizi, kwa kuwa hukusumbua kila mara ununue toleo kubwa, na biashara ya bure ina namna yake ya kujilipa. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea. Ninaloliachia nafasi ni toleo la bure la Malwarebytes, ambalo halilindi muda wote ila linafaa kufanya ukaguzi wa pili unapokuwa na wasiwasi. Antivairasi iliyokrakiwa siipangi popote.

Kwa wengi wetu kirusi huja na flashi iliyotoka kuchapisha steshenari. Binamu yangu alirudi na flashi ambayo mafolda yake yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato, na fundi akamwambia lazima aifomati. Kazi yake ya chuo haikuwa imepotea hata kidogo. Kirusi cha aina hiyo huyaficha mafolda halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, hivyo tuliikagua kwa Defender, tukayafichua mafolda, kazi ikarudi. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo namshauri anunue kwanza diski ya nje ya kuhifadhia nakala, aichomoe kila amalizapo, na suala la leseni alifikirie baadaye.

Ukiwa bado dukani, fungua Windows Security, ukurasa wa Windows unaoonesha hali ya ulinzi, mbele ya muuzaji. Ukikuta ulinzi unashikiliwa na antivairasi ya majaribio itakayokwisha baada ya siku thelathini, na huna nia ya kuilipia, mwambie aiondoe kabisa, awashe upya kompyuta, na usubiri uone Defender imejiwasha.