Amino za unga na kupiga vyuma: uzoefu wangu na BCAA, kisha EAA

Nianze na BCAA, maana ndizo zinazouzwa kwa kelele nyingi zaidi. Ndani ya kopo kuna asidi amino (vijenzi vya protini) tatu tu: leusini, isoleusini na valini, mara nyingi kwa uwiano wa 2:1:1. Ukimwaga kijiko kwenye maji, unga unapanda juu na kugoma kuzama. Utatikisa chupa mpaka mkono uchoke, na ukifungua bado utakuta madonge yameng'ang'ania kifuniko. Leusini haielewani na maji, ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huichanganya na lesithini, kitu cha mafuta kinachosaidia unga kuchanganyika na maji. Nyuma ya utamu wote waliotia kuna uchungu unaokaa kwenye ulimi hadi seti ya mwisho. Ile isiyo na ladha yoyote ni shubiri, usijaribu kujifanya shujaa.

Nilikuwa nakunywa kabla ya tizi na katikati yake. Nitakachoisifia ni maumivu. Ukipiga skwati nzito baada ya kukaa muda bila kufanya miguu, unajua kinachokusubiri: mapaja yanakaza, kushuka ngazi unashika ukuta, na hali huwa mbaya zaidi kati ya saa 24 na 72. Kwangu ukali huo ulipungua. Haukuisha, ulipungua kiasi cha kukaa kwenye kiti bila kuguna. Majaribio mengi yaliyoilinganisha na kinywaji kisicho na kitu yanaelekea huko huko, nafuu ipo lakini ndogo. Sasa, misuli kutouma si sawa na misuli kurudisha nguvu. Kwenye dedilifti na benchi, uzito ninaonyanyua uliendelea kupanda kwa mwendo ule ule wa kabla ya kopo. Yeyote anayekuambia kilo ziliongezeka kwa sababu ya BCAA, muulize kwanza kama hakubadilisha na programu ya mazoezi wakati huo huo.

Sababu inaeleweka ukiangalia misuli inavyojengwa. Protini za mwili hutumia asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo. Leusini kweli ina kazi ya pekee: inawasha mfumo wa ndani ya seli uitwao mTOR, na ujenzi unaanza. Tatizo ni kwamba ukiwasha ujenzi kwa asidi tatu, zile 6 zilizobaki zitoke wapi? Kama hujala, mwili unazichota kwenye protini zake wenyewe, misuli ikiwemo. Yaani unabomoa huku ili ujenge kule.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling uliochapishwa 2017 ambao wauzaji wanaupenda sana. Wanaume waliozoea vyuma walikunywa gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi, na ujenzi wa protini za misuli ukawa juu kwa asilimia 22 kuliko walipokunywa kinywaji kisicho nazo. Ni kweli. Kisichoandikwa kwenye matangazo ni kwamba watafiti hao hao walieleza kuwa ongezeko hilo ni kama nusu ya lile lililowahi kuonekana kwa protini ya whey (ile ya maziwa) yenye kiasi kinachokaribiana cha BCAA. Hapo mimi nikaona hesabu imeshafungwa: gramu 25 za protini ya whey zina leusini ya gramu 2.5 hivi, pamoja na ndugu zake wote 8. BCAA zako zimo humo humo, hukuzilipia pembeni.

Nikahamia EAA, yenye asidi zote 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Kwa mantiki ni bidhaa bora kuliko BCAA, wala sioni sababu ya mtu kununua BCAA ikiwa EAA ipo. Harufu tu ndiyo mtihani. Methionini ina salfa ndani yake, kwa hiyo ukiacha chupa imefungwa kwenye begi mpaka jioni, fungua ukiwa nje. Faida niliyoiona ni kwenye mazoezi ya alfajiri kabla sijatia kitu tumboni: inafyonzwa haraka, haikai nzito, unaweza kuinama kwenye skwati bila kucheua. Siku ninazokula saa mbili tatu kabla ya tizi, sikuona tofauti ya kunywa na kutokunywa.

Kilichoniamulia jambo lenyewe ni kuanza kuhesabu protini ya kila siku. Uchambuzi mmoja wa 2018, uliokusanya majaribio 49, uliona kuwa faida ya kuongeza protini kwa wanaonyanyua vyuma inaishia karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 hapo anazungumzia gramu 112. Nilipofikisha kiwango changu kwa chakula cha kawaida, nikaacha amino kabisa. Nguvu haikushuka, na seti za mwisho hazikuwa ngumu kuliko zamani. Maumivu ya miguu labda yalirudi kidogo, nayo nayavumilia.

Sisemi hazimfai mtu yeyote. Asiyekula nyama wala maziwa na anashindwa kufikisha protini, au mtu mwenye umri mkubwa ambaye misuli yake haiitikii vizuri protini kidogo kidogo, EAA inaweza kumfaa. Glutamini, amino nyingine inayouzwa kwenye makopo, ruka, mwili wenye afya unaitengeneza wa kutosha. Beta-alanini, nayo ni amino, ina kazi yake kwenye juhudi za dakika moja hadi nne, ila uso utakuwasha, usishtuke. Na kama hela inatosha kopo moja, nunua kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hiyo kwenye nguvu ina ushahidi ambao amino zote hizi hazina.

Ukiamua kununua amino, soma lebo mpaka mwisho. Ikiandika "mchanganyiko maalumu" bila gramu za kila asidi, rudisha kopo kwenye rafu. Kwenye makopo ya protini angalia glaisini na taurini zilizoongezwa: maabara nyingi hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na hizo, kwa kuwa zina naitrojeni, ni njia rahisi ya kupandisha namba. Anayepimwa dawa michezoni atafute alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, zinazoonyesha bidhaa imepimwa dawa zilizokatazwa. Mwenye ugonjwa wa figo au ini aongee na daktari kabla, na mwenye fenilketonuria (ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini) asiguse EAA, kwa sababu fenilalanini ni mojawapo ya zile 9.