Redio ya GM300 ya zamani kuitia kwenye masafa ya mita mbili hapa Kampala, uzoefu wangu

Kwa wale mnaouliza kama hizi redio kol za zamani bado zina maana, mimi nilichukua Motorola GM300 ya VHF, zile za kufunga kwenye gari, ilikuwa ya kampuni ya ulinzi iliyohamia kwenye simu, nikaipata laki moja na nusu pamoja na maiki na kishikio chake. Hiyo bei bado haina hela ya kuprogramu (kuiandikia masafa kwa kompyuta), na kuprogramu ndiyo kila kitu bana, bila hapo umenunua jiwe la kuzuia mlango.

Shida iko hivi. Ya kwangu ni ile ya MHz 146 hadi 174, na sisi waham (watu wa redio za kujifurahisha, wenye leseni) wa huku, kama Afrika yote na Ulaya, mita mbili yetu ni 144 hadi 146, yaani redio inaanzia pale sisi tunapoishia! Wamarekani yao inafika 148 ndiyo maana ukisoma maelezo yao unaona kama ni mchezo, kwetu ukiandika 145.500 programu inakataa papo hapo. Na yenyewe ni programu ya DOS, ya enzi za flopi, muda wake inaupima kwa spidi ya kompyuta, sasa ukiiweka kwenye laptopu ya leo inakimbia mno redio haiwezi kuifuata, inakuletea eraa katikati ya kusoma. Kuna duka mjini liliniuzia kebo ya USB wakaniapia inafanya, chipu feki, laptopu haikuitambua kabisa na hela hawakurudisha. Tuyaache.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Katwe. Huyu ana dude la 486 bado linawaka, ana na kile kiboksi cha RIB kinachokaa kati ya kompyuta na tundu la maiki, kazi yake kushusha volti za poti ya siriali ziwe zile 5 ambazo redio inazielewa. Nikatoa laptopu yangu akacheka, "Ssebo (bwana), hiyo rudisha kwenye begi." Kabla ya yote akauliza leseni, nikamwonyesha karatasi ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, na kolsaini yangu (jina la hewani) inayoanza na 5X, ndipo akafungua kazi. Nilipompenda zaidi ni hapa: alisoma kwanza yote yaliyokuwa ndani ya redio akayahifadhi kwenye faili, ndiyo akaanza kuandika mapya, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, bila ile faili redio imekufa. Zile chaneli za walinzi akazifuta zote. Ukipeleka ya kwako hakikisha na wewe zimefutwa, ukibonyeza maiki kwa bahati mbaya kwenye masafa ya watu utajieleza vibaya.

Programu yake alishairekebisha ikubali chini ya 146, lakini programu kukubali ni jambo moja na redio kushika ni jambo lingine. Akafunga damiloadi (mzigo bandia badala ya antena) na mita ya wati, tukaanza kushuka. 145.800 sawa, 145.500 sawa, wati zinasoma karibu 40, 145.000 sawa, tulipofika 144.300 ikaanza kulia tiiii mfululizo na wati sifuri, ndiyo inakuambia VCO, sehemu inayotengeneza masafa, imeshindwa kufunga, yaani kutulia kwenye masafa hayo. Akabonyeza maiki muda mrefu hadi bodi ikapata moto kweli, akarudia tena 145 zote, maana nyingine zinashika zikiwa baridi tu zikipata joto zinaachia. Ya kwangu ilishika. Akaniambia wazi kule chini nisahau, angeweza kuifungua akorogekoroge kwa hela zaidi lakini hakuona haja, na kwa FM ninayoongelea mimi pia siioni. Elfu sitini tukamaliza.

Nyumbani nimeiwasha kwa betri ya sola, adapta ndogo usijaribu, ikirusha inakula kama ampea 10 hivi kwa hiyo waya uwe mnene na fyuzi iwepo. Sauti yake ni nzito safi, redio mpya za Kichina za bei hiyo haziifikii, na mjini ambako kila kilima kina minara yake redio ndogo inazidiwa na kelele hii imetulia tu. Chaneli ya 145.800 niliiomba kwa ajili ya kile kituo cha anga cha ISS, kikipita juu yetu wakiwa wanaongea unawasikia, masafa yanateleza kama kHz 3 na kitu lakini ukiwa umewekewa chaneli pana ya kHz 25 hausumbuki.

Ubaya wake ni kwamba huna pa kuandika masafa, kioo kinaonyesha namba ya chaneli basi, ukitaka kubadilisha hata toni moja (ule mlio mdogo unaofungua redio ya upande wa pili) ni Katwe tena. Kwa hiyo andika orodha yako yote nyumbani, na toni zake, ndiyo uende. Anayependa kutembeatembea kwenye masafa hii itamuudhi.

Fundi huyo huyo anafanya na GP300 za mkononi, kazi ni nzuri vilevile ila betri zake nyingi seli zimekufa na kuzifufua ni gharama nyingine, mimi nimemwachia.